Pampu ya Marehemu Custodio

Shafii alikuwa na uhakika kwamba ameiacha mikono ya trekta ikiwa chini. Alizima injini, akaishusha ile mikono miwili ya nyuma inayonyanyua jembe, akanawa grisi kwa sabuni ya unga, akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Aliporudi uani kwake, pale Chuno, Mtwara mjini, mikono ilikuwa juu. Juu kabisa, inatetemeka kidogo, na injini imepoa.

"Riziki! Nani kachezea trekta?"

"Nani wa kuchezea hilo kopo lako?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Mimi nabangua korosho hapa, na mlango wa ua nimeufunga mwenyewe."

Shafii alicheka, akaishusha mikono, akajiambia kwamba ni hewa imeingia kwenye oili. Fundi akitaka kujidanganya hakosi neno la ufundi.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, la kulimia bustani. Zamani lililima mboga za masista fulani, likachakaa, likatupwa kwenye vyuma chakavu, na huko ndiko Shafii alikolikuta akalipenda. Kila mwanamume ana ugonjwa wake. Wengine mpira, wengine wake za watu, Shafii vyuma vya zamani. Mwaka mzima Riziki alimcheka, huku akimsaidia kusugua kutu kwa msasa kila alipomaliza kazi zake. Walipendana hao. Miaka kumi na moja ya ndoa, bila mtoto, na hakuna aliyewahi kulala amemnunia mwenzake.

Kilichowashinda kilikuwa pampu ya haidroliki, kile kidude kinachosukuma oili ili mikono inyanyuke. Meno ya pampu ya zamani yalikuwa yamelika yote. Shafii alizunguka maduka ya spea ya Mtwara mjini mpaka wauzaji wakawa wanamwona kwa mbali na kutikisa kichwa. Alipiga simu Kariakoo, akapiga Tunduma, akatuma picha. Za Kichina zilikuwapo tele, lakini shafti zake, vyuma vinavyozungusha pampu, zilikuwa na meno kumi na moja na yeye alitaka tisa. "Mzee, hiyo haitengenezwi tena," walimwambia kila mara. Kisha mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu akamnong'oneza kwamba trekta pacha wa lile lilikuwa linaoza karibu na mto Ruvuma, upande wa Mahurunga, kwa mjane mmoja mwenye asili ya Msumbiji.

Mjane huyo aliitwa Isabel. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye rozari shingoni na kitenge kilichochakaa. Alimpeleka Shafii nyuma ya muhogo wake, pale mchanga unapoanza kukutana na mikoko. Trekta lilikuwapo, limekaa juu ya rimu tupu. Nyuma yake slasha, ile sahani nzito ya chuma yenye visu vya kufyekea majani, ilikuwa imelala chini imezama nusu.

"Hiyo ndiyo iliyomuua mume wangu, Custodio," Isabel alisema. "Aliinyanyua, akaingia chini kusafisha visu. Gogo la kuzuia hakuweka. Ikashuka, ikamlalia kifuani. Mie nilikuwa ng'ambo ya mto, msibani. Siku mbili alikuwa hapo anaita."

"Hakuna aliyesikia, mama?"

"Walisikia. Wakadhani ni mashetani ya mikokoni, wakafunga milango." Alivuta kitenge chake. "Na walipokuja kumtoa, chuma hawakukinyanyua. Walifukua mchanga chini yake, wakamng'oa kama muhogo. Slasha iko vilevile mpaka leo."

Pesa hakutaka. Alisema pampu si yake, ni ya Custodio, na Custodio ataulizwa kama wazee wao wanavyoulizwa. Jioni ile alileta unga mweupe wa mtama kwenye mfuko, akaumwaga polepole mbele ya trekta mpaka ukasimama kilima chenye ncha, akimtaja marehemu kwa jina na kumweleza kwamba fundi wa Chuno anaomba. Asubuhi unga ukikutwa umesimama, mwenyewe amekubali. Ukikutwa umeanguka, fundi anakwenda zake na hakuna maneno. "Na huu uliobaki," aliongeza, "utaumwaga hapahapa. Hauondoki na mtu."

Shafii alilala barazani kwa Isabel. Alfajiri, baada ya kuswali, alitangulia peke yake kwenda kutazama, maana hakuweza kungoja. Unga ulikuwa umeanguka. Haukupigwa na upepo, kwani hata majani hayakutikisika. Ulikuwa umesambaa pande zote, umelala bapa ardhini, kana kwamba umekandamizwa na kitu kizito.

Alisimama pale akiitazama pampu, meno tisa, nzima kabisa. Akasikia kandambili za Isabel zinakuja kwenye muhogo. Basi mikono ikamtangulia akili. Alichuchumaa, akaukusanya unga, akaunyanyua kwa vidole ukawa kilima, akachonga ncha, akafuta nyayo zake.

Isabel alifika, akautazama unga muda mrefu. "Haya," alisema mwishowe, kwa mshangao kidogo. "Amekubali. Chukua, mwanangu."

Kwa haraka ya kutaka kuondoka, Shafii alifungua pampu, akaitia kwenye gunia pamoja na spana zake zote, na ule mfuko wa unga pia. Alipofika nyumbani Riziki aliukuta. Unga mzuri, mweupe, umetwangwa vizuri. Akapika uji, akanywa vikombe viwili na kusifu. Shafii alimwona anakunywa. Kumzuia kungekuwa kumweleza, na kumweleza kungekuwa kukiri. Alinyamaza. Jamani, mtu anaweza kumpenda mkewe kwa moyo wote na bado akanyamaza.

Aliifunga pampu kwenye trekta, na tangu siku ile mikono ilipojinyanyua yenyewe, mambo hayakukaa. Oili iliyokuwa mpya ilianza kunuka tope la mikokoni maji yanapokupwa, harufu ya kaa waliokufa, na kila Shafii alipoibadilisha ilinuka tena baada ya siku moja. Kisha hozi, ile mipira inayopitisha oili, zikaanza kupumua. Alikuwa ameinama juu ya trekta mchana kweupe, Ijumaa, watu wanapita barabarani na bajaji zinapiga honi, akasikia ndani ya mpira ule pumzi fupifupi inayovutwa kwa taabu, inakatika, inavutwa tena. Alipoweka kiganja juu yake, hozi ilikuwa na joto la mwili.

Siku ya tatu Riziki alijilaza mkekani baada ya chakula. Shafii alimsikia anakoroma vibaya, akaingia ndani, akamkuta amelala chali, macho wazi, midomo imeanza kuwa myeusi, na kifua chake, kifua cha mwanamke aliyelala peke yake chumbani, kilikuwa kimebonyea katikati, kimeshuka polepole kama godoro linavyoshuka mtu akilikalia, na kadiri Shafii alivyomvuta mabega ndivyo alivyokuwa mzito, mzito kuliko mwanamke yeyote, mzito kuliko injini, mpaka mara moja uzito ukaondoka na Riziki akavuta hewa kwa kishindo akaanza kulia.

"Kuna kitu," alinong'ona. "Fundi, kuna kitu cha chuma. Kina baridi."

Hospitali walimpima, wakasema mapafu ni mazima. Uzito ulirudi kesho yake, ukakaa zaidi. Kesho kutwa zaidi tena. Shafii akamwita Shekhe Shabani, mtu mpole aliyewahi kuwasomea wengi pale mtaani. Shekhe alisoma saa nzima, jasho likimtoka. Ndipo Riziki, akiwa amelala na kifua kimebonyea, alipofungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume aliyechoka.

"Isabel," ilisema. "Isabel, ninyanyue."

Riziki hakuwahi kutajiwa jina la Isabel.

Shekhe alifunga msahafu taratibu. Alimvuta Shafii barazani, akashusha sauti. "Maiti harudi, mwanangu. Huyu ni jini. Lakini amekaa na huyo maiti wakati anakufa, akaisikiliza sauti yake mpaka akaijua. Nikimsomea anasogea, hatoki, kwa sababu ana haki anayoidai. Umemchukulia nini?"

Hapo Shafii alilia. Alimweleza shekhe habari ya unga, kisha akaingia ndani akamweleza na Riziki, akiwa amepiga magoti. Riziki hakumtukana. Alisema tu, "Na uji nikaumaliza, na wewe umekaa hapo," na maneno hayo yalimuuma Shafii kuliko tusi.

Walikodi kirikuu, wakapakia trekta nyuma na Riziki mbele, wakaenda Mahurunga siku hiyohiyo. Njiani kifua kilikuwa kinabonyea na kuachia, kinabonyea na kuachia. Isabel alikuwa mlangoni tayari, kama aliyesikia anaitwa.

"Unga ulianguka, mama," Shafii alisema kabla hata ya kuamkia. "Niliusimamisha kwa vidole."

Isabel alifumba macho. "Nilijua una ncha nzuri mno," alisema. "Uliobaki je?"

"Alikunywa uji."

"Yesu na Maria." Aliwatazama wote wawili. "Basi amekula chakula cha Custodio, amelala alipolala Custodio. Kurudisha pampu hakutoshi sasa. Miaka yote hiyo kitu kilichobaki hapa kinaomba jambo moja, na mie nimekuwa muoga. Kinyanyue hicho chuma."

Shafii alirudisha trekta lake kinyumenyume mpaka kwenye lile lililokufa. Alifungua slasha kutoka kwenye trekta la zamani, akaizungushia mnyororo, akaufunga kwenye mikono ya lake. Riziki alikuwa amelazwa kwenye jamvi chini ya muhogo na hakuwa anavuta hewa tena, vidole vyake tu vilikuwa vinachimba mchanga. Shafii akawasha injini, akavuta kishikio, na ile pampu ya meno tisa ikaguna, oili ikapiga kelele, mnyororo ukakaza, magurudumu ya mbele yakataka kunyanyuka yenyewe, na chuma kile ambacho hakikuwa kimesogezwa tangu siku ya kifo kikang'oka mchangani kidogokidogo, kikatoa harufu iliyomfanya Isabel aanguke magotini, na chini yake, kwenye mchanga uliofukuliwa ukajifukia, kulikuwa na umbo la mtu mwenye mabega mapana, limechongeka wazi, na umbo hilo likajaa maji taratibu, likatoweka.

Riziki akavuta pumzi. Akavuta ya pili. Akaketi, akaomba maji.

Walishikana mikono, wakacheka na kulia kama watu wa arusi. Kisha Shafii, kwa mazoea ya fundi, alikwenda kuishusha slasha pembeni. Iligusa ardhi tu, Riziki akaanguka.

Akanyanyua upesi. Akaweka gogo nene la mninga chini yake, akaushusha uzito juu ya gogo. Riziki akaanguka. Akaweka jeki mbili. Akajaribu kuondoka na slasha ikiwa juu, magurudumu yakachimba mchanga na trekta halikusogea hata shubiri. Kila uzito ulipohama kutoka kwenye oili, ulihamia kifuani kwa mkewe.

"Ulikidanganya kitu hicho ukachukua pampu ile," Isabel alisema kwa sauti ndogo. "Sasa hakitaki chuma kishikwe na kingine ila pampu hiyohiyo."

Ni mwezi wa tano sasa. Shafii na Riziki wanaishi kwenye kibanda walichojenga pale nyuma ya muhogo, na Isabel huwaletea samaki. Riziki ni mzima, anapalilia, anaimba. Slasha iko juu. Lakini hakuna haidroliki isiyoshuka. Ndani ya silinda kuna sili, mpira mwembamba unaozuia oili isipenye, na sili ya trekta lile ni ya enzi za masista. Mwanzoni slasha ilishuka kidole kimoja kwa siku, na Shafii aliwasha injini asubuhi tu kuinyanyua. Mwezi wa pili, asubuhi na jioni. Sasa ni kila saa. Hulala kwa zamu, mmoja ameshika kishikio.

Simu yake haikupumzika, akitafuta sili mpya. Kariakoo, Tunduma, Mombasa, hata kwa mtu mmoja Dubai. Haipo, mzee. Haitengenezwi tena. Kisha juzi, muuzaji mmoja wa Dar alikuta moja kwenye boksi la marehemu baba yake, akaituma kwa basi. Jana mwenye bodaboda aliifikisha.

Shafii aliifungua mbele ya mkewe. Ilikuwa nyeusi, laini, vipimo vilevile. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akaibusu. Kisha Riziki, ambaye amekaa na fundi miaka kumi na moja, aliiona sura ya mumewe ikibadilika.

"Ili uiweke," alisema taratibu, "lazima ufungue silinda."

"Ndiyo."

"Na ili uifungue silinda, lazima uishushe slasha."

Nyuma yao chuma kililia kidogo, kikashuka kidogo.

"Kwa fundi mwepesi, dakika ngapi?"

"Nikiharakisha sana," Shafii alisema, "dakika ishirini."

Riziki alitazama muhogo wake, akautazama mto. Kisha akatandika jamvi mahali ambapo mumewe ataweza kumwona akiwa kazini, akalala chali, akaanza kuvuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeweka akiba.

"Panga spana zako vizuri," alisema. "Ukiwa tayari, niambie."