Mwanga Shingoni mwa Bi Nawal

Kilichopaswa kuwaka kilikuwa mezani, mnofu wa kuku ndani ya kisahani cha kioo. Ukawaka vizuri, doa la kijani katikati ya nyama, kama Saadiya alivyokusudia. Lakini alipogeuka na taa yenye kamera mkononi kumpokea shangazi yake aliyekuwa anapenya pazia na sinia la chakula, kwenye kompyuta likatokea doa la pili. Hilo halikuwa la kuku. Lilikuwa kwenye shingo ya Bi Nawal.

"Shangazi, umegusa vumbi langu?"

"Niguse vumbi lako nimekosa kazi?" Bi Nawal alitua sinia. "Kula, pilau linapoa."

Saadiya hakula. Alimvuta shangazi yake hadi kwenye beseni, akamsugua shingo kwa sabuni, akarudia kwa spiriti mpaka ngozi ikawasha. Akazima balbu, akamulika tena. Doa lilikuwepo, ila sasa lilikuwa limeshuka kidogo, limetua kwenye kishimo cha koo.

"Vumbi halitembei," alisema Saadiya polepole.

Saadiya alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Chumba hicho cha juu kabisa katika nyumba yao ya Mtaa wa Kongo alikiazima kwa baba yake, Ubeid, pale maabara yake chuoni ilipoanza kukarabatiwa. Alikiziba kwa mapazia meusi, mlangoni na dirishani, akaleta kompyuta, kamera, na taa ambayo Bi Nawal aliiona ni upuuzi mtupu, maana ukiiwasha huoni kitu. Taa gani haimuliki? Saadiya alimweleza zaidi ya mara moja kwamba mwanga wake jicho la binadamu haliuoni, lakini unapenya nyamani kuliko mwanga wa kawaida. Ukikuta punje za lile vumbi lake, ndogo mno hata maelfu yake yanaenea kwenye ncha ya sindano, punje zinaumeza mwanga usioonekana na kuutema wa kijani. Nyama haina tabia hiyo. Kwa hiyo ukiona kijani, ujue ni vumbi, si kingine. Siku moja, alisema, punje hizo zitapelekwa hadi kwenye uvimbe wa mgonjwa, na daktari mwenye kisu ataona uvimbe unaishia wapi. Kwa sasa hakuna binadamu aliyechomwa sindano ya vumbi hilo. Waliochomwa ni kuku wa sokoni, na Bi Nawal alikuwa akiisikitikia sana minofu yao.

Lakini leo alikuwa na jambo jingine kichwani. Alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta, akiitazama shingo yake mwenyewe. Chumbani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, na hakuna aliyekuwa amewasha moto.

"Jini ameumbwa kwa moto usio na moshi," alisema. "Tulifundishwa hivyo tangu wadogo. Moto usio na moshi si ndio huo?"

Saadiya aliinusa taa, haikuwa imeungua. Alikuwa amesoma mpaka ng'ambo, na hili hakufundishwa.

Bi Nawal alikuwa msichana wa miaka ishirini, ameposwa na mwalimu kijana aitwaye Haruna, siku alipoanguka sebuleni na kuzinduka akiwa ameinamiwa na mganga. Akaambiwa jini amempenda, na jini huyo hataki mume mwenza. Haruna akarudishiwa posa yake. Tangu hapo masharti yakamwandama: asitoke kwenye jua la utosi, asile bamia, asishike chuma chenye makali. Hebu fikiria, mpishi hodari asiyeruhusiwa kushika kisu. Vitunguu alikatiwa, nyama alikatiwa, mpaka kucha alikatiwa. Na kila Alhamisi alikuja mganga wao, Fundi Bakili, na chetezo chake kumbembeleza jini. Kila Alhamisi alisema yaleyale, kwamba jini ameenea mwili mzima kuanzia unywele hadi ukucha, na mtu hawezi kumtoa bila kumtoa Nawal roho.

Sasa chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na uvimbe. Daktari aliupima, akasema ukatwe upesi, ukingojewa utasambaa. Bi Nawal alipangiwa kitanda, aripoti leo kabla ya alasiri, akatwe kesho asubuhi. Ubeid akasema hakatwi mtu. Bakili alikuwa amemthibitishia kwamba ndani ya uvimbe ule ndimo jini alimojenga makao, na chuma kikimgusa atamnyonga Nawal palepale mezani kwa daktari. Bi Nawal alitaka kubisha. Koo likambana, kama lilivyombana kila alipotaka kubisha, akaitikia kwa kichwa. Hospitali ilikuwa ng'ambo tu ya viwanja vya Mnazi Mmoja, lakini kwake ilikuwa mbali kama Maka.

Alisogeza uso karibu na kompyuta. Doa lilikuwa dogo, dogo kuliko punje ya kunde.

"Ndiye huyu?" aliuliza. "Kadogo hivi?"

"Sijui ni nini, Shangazi. Kweli sijui."

"Basi nimulike mwili mzima. Baba yako yuko msikitini, akitoka huko atapanda na Bakili. Nimulike kabla hawajafika."

Saadiya alimvika miwani myeusi ya kukinga macho, naye akavaa yake. Akafunga mlango kwa komeo, akavuta pazia, akazima balbu. Nje ulikuwa mchana mweupe. Vipaza sauti vya wamachinga vilikuwa vinanadi viatu na vijora, mikokoteni inagombana na pikipiki, mtaa mzima unapiga kelele kama kawaida yake. Ndani kulikuwa giza la kaburi.

Alianzia miguuni. Nyayo, giza. Magoti, giza. Tumbo, giza. Kila taa ilipopanda bila kuona kitu, Bi Nawal alihisi sehemu hiyo ya mwili inarudi kuwa yake. Mapaja haya ni yangu, aliwaza, na tumbo hili ambalo halikupata mtoto lilikuwa langu siku zote. Kisha Saadiya akamwambia ainue mkono wa kushoto, akamulika kwapani, pale kwenye uvimbe, akakaa hapo muda mrefu akitazama kompyuta.

"Hapa hamna kitu," alinong'ona. "Kwa taa hii uvimbe ni nyama kama nyama nyingine, Shangazi. Hayumo humu."

Bi Nawal alilia. Alilia bila sauti, kwa furaha na kwa uchungu, maana alikuwa amekubali kufa kwa kulinda kiti ambacho hakikuwa na mtu.

Ndipo kelele za mtaa zikaanza kufifia. Zilipungua moja moja, kipaza sauti kwanza, kisha pikipiki, kisha sauti za watu, mpaka Bi Nawal akawa anasikia pumzi yake na pumzi ya Saadiya na pumzi nyingine ya tatu, nzito, inayotoka mahali palepale inapotoka yake, na harufu ya nywele kuungua ikazidi hadi ikamwasha machoni, na kwenye kompyuta ile punje ya kijani kooni ikaanza kutanuka na kusinyaa, kutanuka na kusinyaa, kwa mwendo ambao haukuwa wa moyo wake wala wa kitu chochote anachokijua, na kinywa chake kikafunguka chenyewe bila yeye kukifungua.

"Zima," sauti ikasema.

Ilitoka kwenye midomo ya Bi Nawal. Ilikuwa kavu, ya kizee. Saadiya hakuizima taa. Alifanya alichowahi kuwaona waganga wakifanya tangu utotoni, kumuuliza mgeni jina na haja yake.

"Wewe nani?" alisema kwa sauti ndogo. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimepewa. Habib alitaka duka la udi lijae, nikamjazia. Nikataka kiti, mwili wa kukalia, akanipa binti. Alipokufa, Ubeid akaniapia upya. Muulize babako. Zima."

Bi Nawal alisikia kila neno likipita kwenye ulimi wake. Habib alikuwa baba yake mzazi. Kwa hiyo hakupendwa. Hata hilo lilikuwa uongo. Kwa miaka yote hiyo, usiku wa upweke, alijiliwaza angalau kwamba kuna kiumbe, hata kama cha kutisha, kilichomtaka yeye kuliko wanawake wote wa mjini. Kumbe aliuzwa. Alitolewa kama unavyotoa kigoda mtu akae, na kaka yake alijua, akala naye sahani moja, akamkatia vitunguu, akanyamaza.

Hasira ilimpanda kuanzia kwenye nyayo. Ilipofika kooni ikakuta njia imezibwa.

"Ukinitoa utakufa," ile sauti ilisema. "Nitoe, nitaingia kwa huyu binti."

"Jaribu," alisema Saadiya. Akaisogeza taa karibu. "Mimi nina taa. Popote utakapokaa nitakuona."

Bi Nawal alikaza shingo. Kulikuwa na neno moja alilokuwa hajawahi kulisema ndani ya nyumba ile. Hakulisema siku Haruna aliporudishwa, hakulisema kwa Bakili, hakulisema kwa Ubeid. Alilisukuma. Likakwama. Akalisukuma tena kwa pumzi yote, mishipa imemtoka, na kwenye kompyuta Saadiya akaiona punje ikipanda kidogo.

"Ha," alisema Bi Nawal.

"Sukuma, Shangazi. Anapanda."

"Hapa..."

Kooni kulikuwa kunaungua. Aliona nyota gizani. Alifikiri, kama ni kufa basi nife nikibisha.

"Hapana," alisema, na sauti ilikuwa yake, nene, ya mwanamke mzima. "Hapana. Mimi si kiti cha mtu. Hapana."

Kitu cha moto kilimfika mdomoni, kina ladha ya shaba. Akakitema. Kikaanguka sakafuni na kuwaka pale mbele ya taa, punje ya kijani peke yake, bila nyama, bila vumbi. Ikaanza kutambaa. Saadiya aliifuata kwa taa, ikakata kushoto, ikarudi, ikaelekea mlangoni. Hapohapo mlango ukagongwa kwa nguvu na sauti ya Ubeid ikaita, "Nawal! Fungua! Nani kakwambia ufunge?"

Na umeme ukakatika.

Taa ikafa, kompyuta ikafa. Hakuna kilichoonekana tena. Saadiya alimkamata shangazi yake mkono.

"Usisogee," alinong'ona. "Tungoje umeme urudi. Usifungue pazia, kwenye jua hatutamwona kabisa."

Bi Nawal alisimama akisikiliza. Kelele za mtaa zilikuwa zinarudi, na jenereta za madukani zilikuwa zinaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Mwanae, maana alimlea kama mwanae, alikuwa anasema kweli. Gizani, na taa mkononi, jini anaonekana. Juani haonekani.

"Mwanangu, nimekaa kivulini maisha yangu yote namchunga mtu nisiyemwona," alisema. "Sitaki kumchunga tena. Kama ananitaka, anifuate juani."

Akavua miwani, akalishika pazia la dirishani kwa mikono miwili, akaling'oa na fimbo yake. Jua likaingia lote kwa pamoja. Chumba kilikuwa chumba tu, meza, kisahani cha kuku, pilau lililopoa. Bi Nawal alipitisha mkono shingoni, akameza mate, yakapita bila kikwazo. Kisha akaondoa komeo.

Ubeid alikuwa amesimama kizingitini na kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi, na nyuma yake Fundi Bakili na chetezo kinachofuka. Ubeid alimwangalia dada yake aliyesimama kwenye jua la adhuhuri, uso ukamparama. Aliuliza kumetokea nini.

"Naenda hospitali," alisema Bi Nawal. "Kesho nakatwa uvimbe. Ni uvimbe tu, kaka."

"Na yeye?"

"Nimemwacha humo ndani. Nyinyi mnajuana, Kaka Ubeid. Alikuwa wako tangu baba alipokufa. Mimi nilikuwa nakushikia tu."

Ubeid hakuuliza amejuaje. Macho yake yalishuka, na hilo lilikuwa jibu tosha. Saadiya, ambaye mpaka dakika ile alikuwa bado anatumaini sauti ile ilidanganya, akageuza uso pembeni. Kisha Ubeid akajikusanya kama mwenye nyumba, akavuka kizingiti, akainua kidole. Ilikuwa dhahiri anataka kumkataza.

Neno halikutoka. Alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Kidole kikashuka taratibu, mkono mzima ukaenda kushika koo. Fundi Bakili alimtazama mara moja tu, akakiweka chetezo chini kwa adabu, akateremka ngazi mbili mbili huku amekunja kanzu.

Bi Nawal aliujua mkono ule na mahali uliposhika. Alimwonea huruma kaka yake, huruma ya kweli, kwa sababu hakuna duniani aliyejua kuliko yeye inavyobana pale. Lakini hakurudi nyuma.

"Mwanao ana taa," alimwambia. "Siku utakapokuwa tayari kusema kweli, mwombe akumulike."

Akamshika Saadiya mkono, wakashuka kuwahi kitanda kabla hakijapewa mgonjwa mwingine. Nyuma yao Ubeid alikimbilia kwenye ngazi na kufungua kinywa awaite, wala hawakusikia kitu.