Mkono Uliogonga Mara Mbili

Mkono wa chuma uligonga ukingo wa kikaango mara mbili kwa koleo lake, ukangoja kidogo, ndipo ukageuza chapati. Chapati mia nne kwa saa, na jasho hautoki. Watu wa Soko la Anga, ghorofa ya sita, mjini Morogoro, walishazoea kuutazama huku wakimeza mate.

Semeni hakumeza mate. Alikuwa akisikiliza ile gonga-gonga.

Mama yake, Bi Mwantumu, aligonga hivyohivyo. Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho, rangi ya chapati haioni sawasawa, kwa hiyo hugonga na kusikiliza mlio wa kikaango ajue kama imeiva. Lakini Mkono ule una macho manne ya kioo. Unagonga ya nini?

Mwaka uliopita kampuni yenye Mkono ilimvalisha mama glavu ya kupimia uchovu, ati kwa afya yake. Miezi mitatu baadaye Mkono ukaletwa, mama akatolewa kwenye kizimba chake cha kuuzia chapati. Kampuni ikaapa kwamba mashine imejifunza yenyewe. Kamati ya soko ikasema, leteni ushahidi kwamba imemwiga mama, kizimba mtarudishiwa.

Glavu ilikuwa imesahaulika nyumbani, kwenye kapu la unga. Semeni akatafuta kibaobongo, kibao kidogo kama kiberiti, chenye kidude cheusi katikati kinachotii maagizo unayokiandikia. Hajawahi kushika chuma cha kulehemu maishani mwake. Aliungua vidole. Taa ndogo ya kuonyesha mwendo wa glavu ilikataa kuwaka siku mbili nzima, kumbe mguu wake mrefu ameuchomeka penye hasi. Ilipowaka, ikawa haizimi. Alikuwa ameandika "subiri 2" akidhani ni sekunde, kumbe kibao kinahesabu kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, na taa ilipepesa upesi kuliko jicho la mtu.

"Unanichezea wewe," alikiambia, akaandika upya.

Siku ya kamati aliunganisha glavu na kibao palepale kizimbani, mbele ya mama yake na watu wote. Kumbukumbu ya mwendo wa mkono wa mama, siku yake ya mwisho ya kazi, bado ilikuwamo. Akangoja Mkono uanze, ndipo akabonyeza kitufe. Taa ikapepesa mara mbili, kimya, kisha mwanga mrefu. Mkono ukagonga mara mbili, kimya, ukageuza. Vikaenda pamoja chapati baada ya chapati, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Mwenyekiti alivua kofia. Injinia Ngoda wa kampuni akatabasamu.

"Basi ni heshima, mama. Tutabandika picha yako hapa kwenye mashine, watu wakujue."

"Kizimba," alisema Semeni. "Tulikubaliana kizimba."

"Dada, haya mambo tusiyaharakishe," alisema Ngoda.

Bi Mwantumu hakumsubiri amalize. Alijifunga kanga kiunoni, akabonyeza swichi nyekundu. Mkono ukaganda hewani na chapati yake. Akaichomoa, akamwekea Ngoda kiganjani ikiwa ya moto vilevile.

"Kula, baba. Hiyo ndiyo ya mwisho mliyoniibia."

Akavuta kibao cha kusukumia, akamwaga unga.

"Wa picha wamfuate huyu. Wa chapati wapange mstari."