Chaguo la Kwanza la Iveren

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, waliokuwepo sebuleni kwa Terkura, fundi cherehani wa mjini Gboko, Nigeria, walikuwa watano: Terkura mwenyewe; mkewe aitwaye Mama Iveren; Akosu, kaka wa Mama Iveren, aliyekuwa amefika kwa basi kutoka Lagos; Mwalimu Doosuur, anayefundisha baiolojia katika sekondari ya mtaa huo; na Iveren, binti wa miaka kumi na tisa, ambaye ndiye aliyekuwa akijadiliwa.

Iveren alitaka kusomea udaktari. Mara mbili alikuwa amefanya mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, na mara mbili alikuwa amekosa nafasi. Wenzake wa darasa moja walikuwa tayari mwaka wa pili vyuoni, naye alikuwa bado anakunja nguo za wateja wa baba yake. Usajili wa mara ya tatu ungefungwa Jumatatu. Kila mtahiniwa hutaja chuo cha chaguo la kwanza kabla ya kufanya mtihani, na kwa kozi ya udaktari chaguo la pili kwa kawaida halisaidii kitu. Lilitakiwa jina moja tu la chuo, nalo lilikuwa likibishaniwa tangu asubuhi.

"Ni chuo kilekile kikongwe cha magharibi mwa nchi," alisema Terkura. "Hakuna mjadala. Nimeshawaambia watu wote sokoni."

"Uliwaambia mwaka juzi, Baba. Ukawaambia na mwaka jana," alisema Iveren.

"Sasa wewe unanihesabia?"

"Jamani, viazi vya kutwanga vimepoa!" Mama Iveren alilalamika. "Chuo, chuo, chuo! Nimetwanga ili nile peke yangu?"

Mwalimu Doosuur alishusha pumzi, akafungua daftari lake kwa mara ya nne. Humo alikuwa amepanga kwa mistari alama zilizohitajika katika kila chuo kwa miaka mitatu.

"Mzee Terkura, naomba tena unisikilize. Mwaka jana Iveren alipata mia mbili sabini na moja. Chuo hicho hutenga nafasi kwa watoto wa majimbo yaliyo jirani nacho, na hao walichukuliwa kwa mia mbili sitini na nane. Sisi wa mbali tulitakiwa kufikisha mia tatu na tano. Mtoto hakushindwa mtihani. Mlimpanga kwenye foleni isiyo yake; yake ni ya chuo cha jimbo letu."

"Haya! Hapo ndipo ninapoingia mimi," alisema Mjomba Akosu, akatoa bahasha mfukoni. "Hiki ni cheti cha asili, cha kuonyesha mtu ni mwenyeji wa jimbo gani. Rafiki yangu kule magharibi amenitengenezea. Kuanzia leo, mpwa wangu ni Myoruba, mwenyeji wa huko huko."

"Akosu!" Mama Iveren alishika kichwa. "Mtoto hata kuomba maji kwa Kiyoruba hawezi!"

"Atajifunza akiona kiu."

Terkura alicheka hadi akakohoa. "Shemeji, wewe ni mtu! Miaka miwili tunahangaika, kumbe dawa iko mfukoni mwako!"

Iveren alikichukua cheti akakisoma polepole. Alitamani kuwa daktari kuliko kitu chochote, akakisoma tena. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, jina lako halimo. Hapa baba yangu anaitwa Adigun."

Kicheko kilikatika.

"Adigun ndiye nani?" aliuliza Terkura.

"Hakuna mtu kama huyo, shemeji. Ni wa kwenye karatasi tu."

"Yaani mimi nimemlea, nimemsomesha, halafu siku ya kuvaa koti jeupe baba yake ni mtu asiyekuwepo?"

"Shemeji, usikuze mambo..."

"Nimeuliza, Akosu!"

Terkura alikichukua cheti mkononi mwa Iveren, akamrudishia Akosu. "Lakini chuo cha jimbo letu, Mwalimu! Watu watasema tumeshuka."

"Hakuna aliyeshuka," alisema Mwalimu Doosuur, na sasa hata uvumilivu wake ulikuwa ukingoni. "Chuo hicho si rahisi. Mwaka jana watoto wa hapa walitakiwa kupata mia mbili hamsini na nane, kwa hiyo bado atasoma kwa bidii. Kuchagua chuo si kutafuta jina la kujivunia. Ni kujua alama zako, kujua wanachotaka, na kwenda huko ukiwa wewe mwenyewe. Anayeingia kwa uongo hukaa darasani akiogopa kila anayebisha mlango, maana siku karatasi ikigunduliwa, hata akiwa mwaka wa nne, atarudishwa nyumbani."

Iveren alisimama. Wote wakamtazama.

"Jumatatu saa mbili asubuhi nitakwenda kujisajili," alisema. "Chaguo la kwanza ni chuo cha jimbo letu. Jina ni Iveren Terkura. Atakayekasirika akasirike, lakini sibadilishi."