Chai ya Jumapili

Kwenye ngazi nyembamba za nyumba ya marehemu Hilda Garthwaite, Nell alijibanza ukutani, akavuta tumbo ndani na kusema, "Samahani." Akangoja kidogo kama mtu anayempisha mwenzake, kisha ndipo akaendelea kushuka. Mbele yake hapakuwa na mtu. Nyuma yake alikuwapo mama yake tu, Philippa, akiwa amemshikia koti lililolowa mvua.

Philippa alicheka. Mtoto mwenyewe ana miaka minne, na adabu zote hizo! Alikuwa amempata baada ya miaka mingi ya kuingia na kutoka hospitali, alipokuwa amekwisha kata tamaa, na hadi leo kila akimtazama moyo ulimlainika. Lakini alipofika pale Nell alipojibanza, alisikia harufu ya sufu mbichi iliyolowa, na ya utambi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Akaona ni nyumba ya zamani tu, na nyumba za zamani za milima ile ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, zote zinanuka.

Walikuwa wamekuja kuitazama nyumba hiyo, ambayo sasa ni makumbusho, kwa sababu ya vitabu. Hakuna mtoto wa Yorkshire aliyelala bila kusomewa vitabu vya Hilda Garthwaite, na Philippa, aliyefundisha shule ya chekechea, alivijua karibu vyote kwa moyo. Kilichomkera ni mzee wa mlangoni, Bwana Ackroyd, aliyepokea tiketi zao bila salamu, bila karibu, akaonyesha ngazi kwa kidole tu. Mzee mzima, na hana hata neno la kumpa mgeni.

Waliposhuka, Nell alichuchumaa mbele ya kabati la chini ya ngazi, akaanza kuzungumza na kile kimlango chake. Alizungumza, akanyamaza, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba mama yake amsalimu rafiki yake. Philippa aliwazoea watoto wenye marafiki wasioonekana, darasani kwake walijaa tele, na kazi yake ilikuwa kucheza nao. Akainama akasema amefurahi sana kumfahamu.

"Lazima uje kwetu siku moja, unywe chai nasi," akaongeza.

Sasa, watu wa huko neno hilo wanalitoa kama wengine wanavyopiga chafya. Jirani humwambia jirani miaka ishirini, na hakuna anayekwenda, na hakuna anayenuna. Ukitaka kujua kama umealikwa kweli, ngoja utajiwe siku.

Nell alitega sikio mlangoni. "Anauliza lini."

Philippa akacheka tena. "Mwambie Jumapili."

Nyuma yao kitu kilianguka. Bwana Ackroyd alikuwa amesimama pale, tiketi zimemtawanyika miguuni, na uso umempauka.

"Umemtajia siku?" aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Hakungoja jibu. Alimbeba Nell, akamtoa nje hadi kwenye gari na kumfungia mlango, kisha akarudi kusimama na Philippa chini ya mvua. Akamweleza haraka haraka, jicho likiwa kwenye madirisha ya nyumba. Hilda alikuwa na mdogo wake, Edwin, wa miaka minne. Mama yao naye alimwalika yule wa kabatini kwa utani, na yule akaja, akaketi, hakula kitu. Alipotaka kuondoka akarudisha ukarimu, akamwalika Edwin kwao. Edwin alikuwa amefunzwa adabu, akasema ndiyo, tafadhali. Hawakumwona tena. Vitabu vyote vile vinavyochekesha watoto viliandikwa na dada mtu, na kila jioni ya maisha yake alikuwa akiketi sakafuni na kuvisoma kwa sauti mbele ya kabati, ili mdogo wake asikie.

Philippa alitaka kukasirika, akashindwa. Aliuliza kama hawezi kumchukua Nell waende kwa ndugu zake Jumapili hiyo. Mzee akatikisa kichwa. Akikuta mmetoka, alisema, ataingia awasubiri, na wa kusubiri hivyo hatoki tena.

"Mpe chai yake. Akimwalika mtoto, mtoto mwenyewe ndiye akatae, wewe huwezi kumkatalia. Na usimwambie neno la adabu usilolimaanisha, mwanangu. Sisi tunajua ni maneno tu. Yeye hajui."

Basi juma zima lile Philippa alimfundisha mwanawe kukataa. Wakiwa bafuni, wakiwa mezani, wakivaa viatu, alimuuliza kama anataka kwenda kwa rafiki yake, na Nell ajibu, hapana, asante. Mtoto alilichukulia jambo hilo kama mchezo. Mama yake kila akigeuka alikuwa anafuta machozi, na usiku alilala kando yake akiwa ameushika mkono wake.

Jumapili saa kumi na moja jioni nje kulikuwa tayari kiza, kama kawaida ya Novemba huko. Meza ilikuwa imeandaliwa vikombe vitatu, keki, na birika likitoa mvuke. Mlango ulibishwa, polepole, na mlio ulitoka chini, usawa wa goti.

Philippa alifungua. Hakukuwa na mtu, ila ile harufu ya sufu na utambi ilimpita kiunoni ikaingia ndani bila haraka, na zulia la ukumbini likabonyea hatua kwa hatua kuelekea mezani, na kiti cha kando ya Nell kikavutwa nyuma kwa mkwaruzo mrefu kisha kikasogezwa mbele, kama cha mgeni aliyekwisha jiweka sawa na anangoja kumiminiwa.

Alimimina. Mvuke wa kikombe cha mgeni ulikatika papo hapo, na juu ya chai pakatanda utando mwembamba wa barafu. Nell alikuwa akila keki yake na kuongea, mdomo umejaa makombo. Alimweleza mgeni kuhusu paka wa jirani. Alicheka kwa jambo ambalo mama yake hakulisikia. Kisha akageuza kichwa, na uso wake ukawa wa kusikiliza.

"Anasema twende kwao," alinong'ona Nell. "Anasema Edwin yuko huko. Anasema Edwin hana mtu wa kucheza naye."

Philippa hakuwahi kumtajia mwanawe jina hilo. Alifumbata pembe ya kitambaa cha meza juu ya mapaja, akauma ulimi ili usijibu, akamtazama mtoto wake, yule aliyemlilia kwa miaka, mwenye makombo kidevuni na huruma tele usoni, akaona kabisa kwamba anataka kwenda, kwamba anamwonea huruma huyo Edwin kama anavyowaonea huruma watoto wote walioachwa peke yao uwanjani shuleni, na kwamba baridi iliyoshuka mezani ilikuwa imekwisha fika kwenye vidole vyake vidogo, vinaanza kuwa vya bluu, na sekunde zinapita na mtoto hajasema kitu.

"Hapana," alisema Nell. Akafikiri. "Asante."

Kiti kilisogea nyuma. Zulia likabonyea kurudi lilikotoka, na mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, mvua ikasikika nje. Philippa alimnyakua mwanawe akamkumbatia kifuani, machozi yanamtiririka, na furaha ilimjaa hata akashindwa kupumua. Amebaki. Mwanangu amebaki.

Nell alichungulia juu ya bega la mama yake, kuelekea mlangoni.

"Anasema asante kwa chai. Na samahani kwa usumbufu."

Philippa alikuwa amelijibu neno hilo maisha yake yote, kwa mleta barua, kwa wazazi wa wanafunzi, kwa jirani aliyekuja kuazima ngazi. Lilimtoka likiwa limechanganyika na kilio, kabla hajajua kuwa anasema.

"Usumbufu gani? Karibu wakati wowote."

Mlango uliokuwa ukijifunga ulisimama. Mvua ilisikika kitambo. Kisha ukafungwa taratibu, na komeo likasukumwa, kwa ndani.

Sauti iliyofuata haikupita kwa mtoto. Ilikuwa kavu, ndogo, na ilitoka karibu sana na kiuno cha mama yake.

"Asante," ilimwambia Philippa. "Basi siondoki."