Mstari Ambao Chiriku Hakuusoma

Kila jioni mama alirudi kutoka kazini macho mekundu. Alivua buti mlangoni, akanawa uso kwa maji ya baridi, kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kampuni kubwa ya uhandisi iliyojenga madaraja. Binti yake wa darasa la sita aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Jioni moja Chiriku alikuwa akikariri shairi la kuisifu kampuni hiyo. Kampuni ingesherehekea kumaliza daraja jipya, na mwalimu alikuwa amemchagua alisome mbele ya wafanyakazi na familia zao.

"Tukiugua mwatibu, zahanati iko wazi..."

Mama akacheka kicheko kikavu. "Zahanati ipi, mwanangu? Ile waliyoifunga wakaigeuza stoo ya viti?"

"Kwani hamkulalamika?"

"Mpaka koo zimekauka! Barakoa za moshi nazo zimechakaa. Meneja anasema asiyeridhika, mlango uko wazi. Wewe soma tu."

Siku ya sherehe, uwanja wa kampuni ulifurika watu. Chiriku alisoma ubeti wa kwanza, makofi yakalia. Alipofikia mstari ule, akamwona mama yake ameziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika kwa kikohozi. Chiriku akanyamaza.

Mwalimu alidhani amesahau, akamnong'oneza, "Tukiugua..."

"Naukumbuka, Mwalimu, ila sitausoma. Si kweli."

Meneja akainuka. "Nani kamfundisha mtoto huyu utovu wa adabu?"

"Hakuna, mzee," Chiriku akajibu. "Zahanati imejaa viti, na mama yangu anakohoa."

Msimamizi wa sherehe alikimbilia kipaza sauti akizime, lakini mama alikuwa amekwisha kusimama. "Mwacheni! Mdomo ni wake, maneno ni yetu sote."

Dereva wa winchi akasimama pia. "Na viti vyenyewe hatujawahi kuvikalia!"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakainuka safu baada ya safu.

"Tutazungumza kesho," alisema meneja.

"Kesho tumeisikia sana," mama akajibu. "Tuzungumze leo."

Hakuna aliyeketi wala kuondoka. Jua lilikuwa limeanza kushuka meneja alipokubali kukaa mezani na wawakilishi wa wafanyakazi. Haikuwa rahisi, walibishana kwa wiki kadhaa. Lakini hatimaye viti vilitolewa, muuguzi akarudi, na mafundi wakapewa barakoa mpya. Mama alitibiwa, kikohozi kikapungua.

Shuleni, wanafunzi walimwuliza mwalimu kama Chiriku angeadhibiwa.

"Kwa kosa gani?" mwalimu akasema. "Hakumtukana mtu. Adabu si kufunga mdomo penye uongo. Adabu ni kusema kweli kwa heshima, hata mbele ya mkubwa."

Nyumbani Chiriku alimwuliza mama yake, "Siku ile hukuogopa?"

"Niliogopa! Magoti yaligongana kama sufuria," mama akasema. "Lakini mwanangu, ukisubiri magoti yatulie, hutasimama kamwe."