Spika ya Nyuma Kushoto

Spika ya nyuma kushoto ilianza kunong'ona kabla haijaunganishwa na kitu chochote.

Abdihafid alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la sebuleni, bisibisi mkononi, jasho likimtiririka hadi kwenye miwani. Aligeuka akaitazama. Ilikuwa juu ya stendi yake pale kwenye kona, waya wake bado umeviringwa sakafuni.

"Idil, umesema kitu?"

"Mimi? Sijasema," mkewe akajibu kutoka chumbani.

Abdihafid akasonya, akarudi kwenye kazi yake. Siku hiyo ilikuwa imeshamchosha tangu asubuhi, na hakuwa na nafasi ya kushangaa.

Alikuwa daktari wa meno hapo Garissa, na mtaani kwao walimjua kwa mambo mawili: wepesi wa mikono yake, na redio yake. Redio ndivyo walivyoiita majirani, jambo lililomuudhi, kwa sababu ile haikuwa redio. Ilikuwa amplifaya nzito ambayo mtu mmoja hawezi kuibeba bila kuugua mgongo, na spika mbili ndefu zilizomfika kifuani, vitu alivyovikusanya kimoja kimoja kwa miaka. Ukikaa mbele yake na kusikiliza udi, unasikia hadi kidole kinavyoteleza juu ya uzi. Aliapa kwamba hataongeza wala kupunguza kitu.

Kiapo hicho alikivunja kwa ajili ya Idil. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu ilipofika mwezi wa saba daktari wa uzazi alimwambia aache kufundisha, alale, apumzike. Idil hakuwa mpenzi wa udi. Alipenda sinema, hasa zenye mvua na farasi na watu wanaolia. Basi Abdihafid akaamua kumtengenezea sauti ya kuzunguka, ile inayokufanya uisikie mvua ya sinema ikinyesha mpaka nyuma ya kisogo chako. Alinunua risiva ya sinema, mashine inayogawa sauti kwa kila spika, na spika mbili ndogo za nyuma kwa fundi mmoja wa Eastleigh aitwaye Gelle, zikaletwa na basi. Mpango ulikuwa rahisi. Spika zake ndefu zingebaki kwenye amplifaya yake ya zamani, risiva ingeitumia amplifaya hiyo kwa sauti za mbele na yenyewe ingeziendesha zile za nyuma. Akitaka muziki, angeizima risiva, na udi wake ungesikika kama siku zote.

Mpango ulikwama kwenye ukuta. Asubuhi ile, alipotoboa tundu chini ya kona ya nyuma ili apitishe waya, mchwa walimwagika kama mchele kutoka kwenye gunia lililopasuka. Alifagia, wakaja wengine. Alipuliza dawa, wakaja wengine. Ndipo alipokwenda jikoni kwa hasira, akachukua birika la maji ya chai yaliyokuwa yanatokota, akalimimina lote ndani ya tundu.

Mama yake, Maka, alikuwa amesimama mlangoni.

"Umesema bismillahi?"

"Hooyo, ni mchwa tu."

"Sikukuuliza ni nini. Maji ya moto hayamwagwi hivihivi mahali usipopaona ndani. Umesema?"

Hakuwa amesema. "Haya, bismillahi," akatamka kwa ukali, kama mtu anayelipa faini.

Maka aliinua pua. Alikuwa anainusa hewa. Mvuke uliorudi kutoka kwenye tundu haukunuka udongo wala mchwa. Ulinuka maziwa yaliyoungua, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizoguswa na moto.

Baada ya alasiri kazi ya waya ikaisha. Risiva ilikuja na maikrofoni ndogo ya kupimia. Unaiweka pale anapokaa msikilizaji, mnanyamaza, kila spika inatoa mlio wake kwa zamu, na mashine inakadiria kila moja iko umbali gani. Abdihafid akaiweka juu ya mto wa Idil kwenye kochi. Akazima feni. Akaomba kimya, na Idil na Maka wakakaa kwenye joto lile wakijipepea bila sauti.

Spika za mbele zikalia. Nyuma kulia ikalia. Ilipofika zamu ya nyuma kushoto haukutoka mlio, ila kitu kama pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa akikimbia na sasa amesimama. Kwenye televisheni yakaandikwa majibu: mbele sawasawa, nyuma kulia sawasawa, nyuma kushoto mita tisa.

Chumba chenyewe hakikufika mita sita. Mita tisa ilikuwa nje ya ukuta, kwenye zizi la mbuzi la jirani.

Akampigia Gelle.

"Hizo mashine hukosea, daktari," Gelle akasema. "Rudia. Zima feni, watu wanyamaze."

"Tumenyamaza, Gelle! Hapa hata nzi amenyamaza!"

Akarudia. Mita saba. Akabadilisha waya. Akachomoa spika ya kushoto akaipeleka kulia, na ya kulia akaileta kushoto, maana kama ubovu uko kwenye spika basi utahama nayo. Haukuhama. Spika nzima iliyofika kwenye kona ile nayo ikapumua, na ile iliyoondoka pale ikalia vizuri. Akarudia tena mpaka jua likashuka na shati likamgandia mgongoni. Akamtukana Gelle moyoni, akamtukana aliyetengeneza risiva, akajitukana mwenyewe kwa kuigusa redio iliyokuwa haina neno.

"Iache," Idil akamwambia taratibu. "Mimi sina haja nayo sana."

"Nimekufanyia wewe," akasema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka.

Kesho yake mashine ikaandika mita tatu, karibu kabisa na umbali wenyewe. Gelle alifurahi kwenye simu. "Si nilikwambia? Imejirekebisha yenyewe." Abdihafid naye akafurahi, kwa sababu mtu aliyechoka huridhika haraka. Hakujiuliza kwa nini spika isiyosogea ilikuwa inazidi kusogea.

Jioni, baada ya swala ya isha, wakakaa kutazama. Maka alikuwa chumbani kwake na ubani wake. Sinema ikaanza kwa mvua, na mvua ikajaa chumba kizima, ikapiga mabati yasiyokuwepo juu ya vichwa vyao, ikatiririka nyuma ya kochi, na Idil akacheka kwa raha, akamshika mumewe mkono. Abdihafid akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu jana asubuhi mabega yake yakalegea.

"Huyo mtoto analia wapi?" Idil akauliza.

Kwenye sinema hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na mwanamume na farasi. Lakini nyuma yao, kushoto, mtoto mchanga alikuwa analia, kilio chembamba cha aliyechoka kulia, na juu ya kilio hicho sauti ya mwanamke ikimbembeleza kwa maneno yaliyokaribia kueleweka. Abdihafid akachukua rimoti akazima sauti. Mvua ikakoma, farasi akakimbia bila kishindo, na mtoto akaendelea kulia. Akainuka, akaizima risiva, akaizima amplifaya, akachomoa plagi ukutani, akasimama nayo mkononi katikati ya chumba huku kilio kikipanda na kushuka kutoka kwenye spika ambayo haikuwa na umeme wala kazi yoyote ya kufanya duniani, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikaja ikaufunika ubani wote wa mama yake.

"Hafid," Idil akanong'ona. Mikono yake ilikuwa tumboni. "Wangu hachezi. Hajacheza tangu magharibi."

Hospitali iliwapokea vizuri. Muuguzi akapima, mapigo ya mtoto yakasikika, mazima, ya haraka, na Idil akalia kwa furaha. Wakalala huko. Asubuhi wakarudishwa nyumbani, na walipovuka kizingiti tu mtoto akaacha tena kucheza tumboni.

"Nakwambia mwite Sheikh Barre," Maka akasema.

"Hooyo, tafadhali. Kila kitu katika nyumba hii ni majini. Waya ukilegea, majini. Mimi nimesoma!"

"Umesoma meno."

Chini ya hasira yake kulikuwa na hofu ambayo hakutaka kuitazama. Alitaka kuthibitisha jambo moja tu, kwamba huu ni ubovu wa mashine, na ubovu una dawa. Idil alikuwa amejilaza kwenye kochi, ameupa ukuta wa nyuma mgongo, macho yamefumba. Abdihafid akaichomeka tena risiva. Akaiweka maikrofoni ya kupimia ubavuni mwa mkewe, palepale kwenye mto. Ilikuwa alasiri, jua kali mpaka kwenye mapazia, korongo wakitembea juu ya bati la jirani na kucha zao zikikwaruza. Spika za mbele zikalia, kulia ikalia, na zamu ya kushoto ikapita kimya kabisa, hata pumzi haikutoka.

Maandishi yakaja. Nyuma kushoto: mita sifuri.

Idil akafungua macho.

"Usipime tena," akasema, kwa sauti ya mwanamke mkubwa kwa umri kuliko yeye, kavu, iliyotoka mbali. "Nimefika."

Abdihafid hakukumbuka baadaye alivyofika nje. Alikumbuka tu kwamba alikuwa anakimbia barabarani bila viatu, mchanga unamchoma, akilitaja jina la Sheikh Barre kwa kila aliyekutana naye.

Sheikh alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Alikaa kwenye kigoda mbali kidogo na Idil, akasoma Kurani kwa sauti ya chini, muda mrefu, mpaka Idil akaanza kutikisa kichwa.

"Wewe ni nani?" Sheikh akauliza.

"Mama."

"Mama wa nani?"

"Wa aliyelala ukutani. Nilimwacha amelala nikaenda kutafuta maji. Niliporudi, huyu alikuwa amemchemsha."

Maka akaziba mdomo kwa shela yake. Abdihafid alikuwa ameegemea spika yake ndefu.

"Unataka nini?"

"Wake."

"Aliye tumboni hakumwaga maji," Sheikh akasema.

"Na wangu alikosa nini?"

Abdihafid akapiga magoti. Kwa siku tatu alikuwa amegombana na waya, na Gelle, na mama yake, na mashine, na sasa hakukuwa na wa kugombana naye.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa na hasira na ukuta. Sikusema bismillahi. Sikujua kama kuna mtu. Wallahi sikujua."

Kichwa cha Idil kikamgeukia polepole. Macho yalikuwa makavu, na yalimtazama kwa muda ambao aliuona kama mwaka.

"Wewe ni Mwislamu?" Sheikh akamuuliza yule aliye ndani.

"Kabla ya babu yako."

"Basi unajua kwamba asiye na kosa hauawi kwa kosa la mwingine."

Pumzi ile ikasikika tena, safari hii kwenye kifua cha Idil, ndefu, ya mtu aliyekimbia sana.

"Amzike," ile sauti ikasema. "Mikono iliyomwaga ndiyo imbebe."

Walivunja ukuta kwa patasi. Ndani hapakuwa na kitu, ila udongo mbichi na njia za mchwa. Maka akachana kipande cha kitambaa cheupe, akakitandika mbele ya tundu, na Sheikh akamwambia Abdihafid aingize mikono, atoe, aweke. Akaingiza mikono mitupu, akaitoa mitupu, akaiweka juu ya kitambaa, akijiona mjinga mbele ya mama yake. Akakunja kitambaa, pembe hii, pembe ile. Kisha akakiinua.

Kilikuwa kizito. Kilikuwa na uzito wa mtoto mchanga aliyelala, ule unaoegemea mkono upande wa kichwa, na mkono wake wenyewe, bila kuambiwa, ukajikunja kukizuia kichwa hicho kisining'inie.

Nyuma yake Idil akashtuka, akashika tumbo. "Hooyo! Amepiga teke!" Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Abdihafid hakuweza kugeuka kumtazama. Alikuwa na maiti mikononi.

Walitembea kwa miguu, yeye na Sheikh Barre tu, wakazipita nyumba za mwisho na mikokoteni ya punda iliyokuwa ikirudi mjini na mapipa ya maji, mpaka kwenye nyika ambako hakuna mtu. Watu waliokutana nao walimwona daktari amebeba kitambaa kitupu kwa mikono miwili huku analia, wakatoa salamu wakapita. Akachimba mwenyewe. Alipoinama kushusha kile kitambaa, upande wa miguu uliinuliwa kutoka mikononi mwake, kwa upole, na mtu ambaye hakumwona, wakashusha pamoja.

Akafukia. Sheikh akainua mikono akaomba dua, akamwombea mtoto, akawaombea subira wazazi wake.

"Amin," Abdihafid akasema.

"Amin," wakaitikia wengine. Ilitoka nyuma yake, kushoto. Ikatoka kulia. Ikatoka mbele, ng'ambo ya kaburi, na mbali kwenye vichaka, na karibu sana na sikio lake, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, jamaa kubwa ya watu waliosimama kumzunguka katika nyika ile isiyokuwa na hata mbuzi, kila sauti mahali pake, na katikati yao moja kavu ambayo aliifahamu, ikilia.

Akaanza kugeuza shingo. Alitaka kutazama.

Sheikh Barre akamshika mkono. "Usigeuke," akamwambia kwa sauti ya chini. "Twende. Waache wafiwa na mtoto wao."