Dole Gumba la Mwalimu

Kikohozi hakikuwa cha baba wala cha binti yake. Kilikuwa kikavu, kifupi, cha mtu aliyevuta vumbi la chaki miaka mingi, na kwenye simu iliyomrekodi baba, kachero mstaafu, akisimulia kitabu cha maisha yake, kilisikika kila alipofika kwenye maneno "niliyaona kwa macho yangu haya mawili."

Binti alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kikohozi kile kile. Ilikuwa saa nane mchana, madirisha wazi, na sebule nzima ilinuka chaki.

"Baba, hapa alikuwepo nani mwingine?"

"Wewe andika tu. Kuhoji ni kazi yangu."

Kazi hiyo ilikuwa imemwishia miaka ishirini iliyopita, lakini nani amwambie? Mtaani walimwita Shahidi, naye alidhani wanamsifu. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya mgomo mkuu, redio ilimwita asimulie jinsi mwalimu aliyewaongoza wagomaji alivyokiri mbele yake kwamba alipanga kulipua daraja, kisha akajirusha dirishani kutoka ghorofa ya tatu. Maelezo hayo ya kukiri yalisomwa redioni siku ile ile alipokufa, na mgomo ukavunjika kabla ya magharibi. Sasa watoto wanayasoma darasani. Mtu akiishi kuliko wote waliomjua, anaweza kuuvisha uongo kilemba akauita mzee.

Ila mama yake mwalimu alikuwa bado hai. Alikaa mtaa wa nyuma, mgongo umempinda kama ndoana, na kila Ijumaa alibisha hodi akiwa na swali moja.

"Baba, mwanangu mlimlaza wapi?"

"Bibi, nimeshakwambia, kaulize serikali."

"Serikali siijui, baba. Ninayemjua ni wewe."

Mlango ukafungwa. Binti alikuwa amemzika mumewe mwaka uliopita, akarudi kuishi kwa baba, na alijua maana ya kuwa na kaburi la kwenda kusimama. Alimdharau baba yake kimya kimya, kama mtu anavyodharau chakula asichoweza kuacha kukila.

Siku ya tano ya kuandika kitabu, mzee alimtolea nakala ya yale maelezo, aliyoitunza kabatini kama hati ya nyumba. Binti aliisoma mpaka chini. Hapakuwa na saini. Palikuwa na alama ya dole gumba.

"Baba, huyu si alikuwa mwalimu?"

"Sasa?"

"Mtu anaandika ubaoni kila siku ya Mungu, halafu atie dole kama hajui kusoma?"

Mzee alifungua kinywa amkemee, na kile kikohozi kikatoka kinywani mwake mwenyewe. Kikafuata kingine, na kingine, na kila alipojaribu kumeza mate koo lilipanda na kushuka kana kwamba ndani yake mna mtu anayepapasa gizani akitafuta mlango, huku vidole vikikwaruza kiti na vumbi jeupe likimtoka midomoni na kutua shatini, mezani, juu ya karatasi ile, hadi sauti ya kijana, tulivu, iliyozoea kuwaelewesha wenye vichwa vigumu, ikasema: "Soma tena mstari wa mwisho. Tuone kama humu kuna mwenye haya."

Ustadhi aliitwa alasiri hiyo hiyo. Alisoma dua, akapuliza, kisha akauliza kwa kunong'ona, "Wewe ni roho ya marehemu?"

"Wafu hawarudi, ustadhi, nawe wajua. Mimi ni karini wake, jini niliyezaliwa naye siku moja. Yeye alikufa, mimi nikabaki na niliyoyaona. Huyu anajiita shahidi! Alikuwa koridoni anakunywa chai. Hata kuua hakuua, hilo walifanya wenzake. Yeye alikuwa ameyaandika maelezo asubuhi, kabla ya swali la kwanza. Alipoingia, mwenzangu ameshapoa. Akamshika mkono, akachovya dole kwenye wino."

"Unataka nini?"

"Kinywa hiki, mara moja tu, mbele ya bi mkubwa wa mtaa wa nyuma. Apate kaburi."

Koo la mzee likaachiwa. Ustadhi akamsogelea. "Mzee wangu, hili ni jepesi. Nenda kamwambie mama wa watu ukweli, huyu jini ataondoka mwenyewe."

"Mimi niko vitabuni," alisema kachero akijipangusa chaki. "Nikapige magoti kwa kikongwe? Mtoe kwa nguvu."

"Akitoka, na ukweli utatoka naye."

"Ndicho hasa ninachotaka."

Ustadhi alisoma kwa moyo mzito, na mzee akatetemeka mpaka miguu ya kiti ikagonga sakafu, halafu kukawa kimya, na kutoka kwenye kiti hadi mlangoni zikajichora nyayo nyeupe, moja baada ya nyingine, za mtu asiyekuwepo, zikasita kizingitini kama mgeni aliyefukuzwa kwenye mvua, kisha zikageuka polepole, vidole vikamwelekea binti.

"Usifungue kinywa," ustadhi alinong'ona. "Binti yangu, usiseme neno."

"Mmeona?" mzee alicheka. "Hata jini ameshindwa nami!"

Binti alimtazama. Hofu alikuwa nayo. Lakini lile swali la kila Ijumaa lilikuwa zito kuliko hofu. Alisema moyoni, Ee Mola, nisamehe. Kisha akafungua kinywa, akavuta pumzi ndefu.

Bi kizee alikuwa kibarazani pake akichambua mchele. Hakuinua kichwa mpaka aliposikia sauti.

"Mama."

Ungo ulimponyoka. Sauti ilikuwa ya kiume, midomo ya mwanamke.

"Niko nyuma ya kituo, mama, chini ya banda la magari. Wanaegesha juu yangu."

"Miaka yote hii," alisema bi kizee taratibu, "napita pale nikienda sokoni." Alilia kidogo, bila kelele. Kisha akaushika ule mkono wa baridi uliokuwa mbele yake. "Na huyu mtoto wa watu uliyempanda? Mwachie arudi kwao."

Midomo ilitoa pumzi ndefu, nyeupe kwa chaki.

"Kwetu wapi, bibi?" ikauliza, na safari hii ilikuwa sauti ya binti mwenyewe.